Motivasio si bahasha



Jana usiku nilifungua simu nikahesabu barua zote nilizoandika tangu nimalize masomo. Ziko 41. Zote ni zile wanaita barua za motivasio, zile unaweka mu dosie pamoja na CV, kopi ya diploma na kopi ya karte ya uchaguzi. Zote zinaanza na sentensi moja ya Kifaransa ile kila mmoja wetu amekariri, kama nina heshima kubwa ya kuja mbele ya bwana mkurugenzi. Chini kidogo ninasema kama niko mtu wa bidii, ninaelewana na watu, ninaweza kufanya kazi chini ya presha. Mu barua 41, hata moja haisemi kitu ninachopenda kwa kweli. Majibu yaliyonirudia ni mawili tu. Yote mawili yalisema hapana.

Cha kuchekesha ni kwamba mimi nilisoma saikolojia, na memwari yangu ilikuwa juu ya motivasio. Mwaka mzima nilisoma juu ya kile kinachomsukuma mtu afanye kazi yake vizuri. Siku ya kuitetea, jury walinipongeza. Mama, mwenye kuuza makala hapa Butembo, hakuenda sokoni siku hiyo, alivaa kitenge kipya akaketi mustari wa mbele. Leo ananiuliza: "Mwanangu, ile motivasio ulisoma, inaliwa namna gani?"

Nitajaribu kumjibu hapa, juu swali lake ni la wazazi wengi.

Kwanza tuangalie neno lenyewe. Mu inchi yetu, ukisema motivasio, mtu anaangalia mfuko wako. Haikuanguka toka mbinguni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati Serikali iliacha kulipa walimu sawa inavyofaa na migomo ikafunga masomo, njo wazazi walianza kutoa feza ili walimu wabaki darasani. Feza ile iliitwa primi ya motivasio. Kizazi chetu kimekulia humo. Sote tunakumbuka ile asubuhi direkta anaingia na orodha mukononi, anasoma majina, na kila anayesomwa anabeba mfuko wake anarudi nyumbani. "Wamefukuzwa juu ya motivasio," njo tulikuwa tunasema, na hakuna aliyecheka. Mtoto wa miaka nane alikuwa anajua kama motivasio ni kitu kile baba yake amekosa.

Katiba ya 2006, ku artikle 43, inasema masomo ya msingi ya Leta ni ya lazima na ya bure. Ilingojea mpaka Septemba 2019 ndipo waanze kuitekeleza. Lakini neno halikufa, lilihama tu. Leo liko ku ofisi. Unapeleka karatasi ipigwe muhuri, mwenye muhuri anaangalia dirisha, anakohoa, anauliza: "Na motivasio?"

Ndiyo maana kijana akisimama na bango ku rondpoint, swali la kwanza si "anasema nini?" Swali ni "nani amemlipa?" Mimi nimeulizwa na polisi, na pasta, na mjomba wangu wa damu. Wote watatu hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatafuta bahasha fasi walizoea kuiona. Inchi ile imefikia kuamini kama mtu hawezi kufanya kitu bila kulipwa, inchi hiyo haiwezi kutuelewa, na mbaya zaidi, sisi wenyewe tunaanza kutojielewa.

Sasa nipeni dakika mbili za memwari yangu, juu nilikaa nayo sana na hakuna mwajiri amewahi kuniuliza juu yake.

Mwaka 1971, mtafiti mmoja wa Marekani, Edward Deci, alitangaza jaribio lake. Alichukua wanafunzi wa chuo kikuu, akawapa vipande vya kuunganisha ili vitoe maumbo mbalimbali, ni mchezo wa akili wenye kupendeza sana. Walikuja mara tatu. Mara ya kwanza, hakuna aliyelipwa. Mara ya pili, kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo walilofaulu, kundi la pili halikulipwa. Mara ya tatu, hakuna aliyelipwa tena. Na kila mara, katikati, Deci alikuwa anatoka mu chumba kwa dakika nane, anawaacha na vile vipande na magazeti juu ya meza, wafanye wanavyotaka. Kumbe alikuwa anawaangalia. Alitaka kujua nani ataendelea kucheza wakati hakuna anayemtazama.

Wale waliolipwa mara ya pili, mara ya tatu waliviacha vipande zaidi kuliko siku ya kwanza. Mchezo ule ule waliokuwa wanaupenda umekuwa kazi, na kazi bila feza haina maana. Wale hawakulipwa kamwe, wao waliendelea.

Miaka miwili nyuma ya hapo, mu 1973, watafiti wengine watatu, Lepper, Greene na Nisbett, walifanya vile na watoto wadogo waliopenda kuchora. Wale walioahidiwa cheti kizuri chenye utepe kama watachora, siku za mbele walichora karibu nusu ya muda wa wenzao. Na angalieni hapa: wale waliopewa cheti kile kile lakini bila kuahidiwa, kwa kuwashtukiza tu, hawakupoteza hamu. Kwa hiyo si cheti kinachoharibu. Ni kuchora JUU ya cheti.

Watu walibishana sana juu ya mambo hayo, na vizuri walibishana. Mwaka 1999 Deci na wenzake walikusanya tafiti 128 wakazipima pamoja. Matokeo yalibaki yale: zawadi ile mtu anaahidiwa na anaingojea inapunguza hamu ya kitu alichokuwa anakipenda, lakini neno la kumsifu kwa ukweli, kumwambia "hapa umefanya vizuri", linaiongeza.

Nilipoandika hayo mu memwari, nilikuwa ninayajua kwa kichwa tu. Niliyajua kwa mwili wakati nilipomaliza masomo.

Tuliamua, mimi na wenzangu wawili mashomeri sawa mimi, kufundisha hesabu finalisti wa kartie yetu wanaojitayarisha kwa Exetat. Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi, mu sale moja ya kanisa waliyotukopesha. Hakuna aliyelipa, hakuna aliyelipwa. Tulianza na watoto sita, wakafika 23. Kulikuwa kijana mmoja, mrefu, mwenye kunyamaza sana, alikuwa anabaki nyuma ya wote kuondoka, anapigana na zoezi moja mpaka giza linaingia. Akilipata, anagonga meza mara moja, anachukua daftari, anaenda. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha kiasi kile. Mimi mwenyewe, ninyi mujue, hizo zilikuwa Jumamosi nzuri za maisha yangu. Wiki nzima nilikuwa shomeri. Jumamosi nilikuwa mwalimu.

Kisha projeti moja ikatuona. Jina nitaliacha. Walikuja na nia njema, ninaamini hivyo mpaka leo. Walisema kazi yetu inastahili kusaidiwa. Kwa kila Jumamosi, mwanafunzi dola mbili za transporti, sisi wafundishaji dola kumi. Tunasaini ku orodha, tunapigwa picha, tunavaa tisheti. Nani angekataa? Dola kumi, kwetu nyumbani, ni chakula cha siku kadhaa. Nilisaini wa kwanza.

Mwezi mmoja mbele, mu sale kulikuwa watu 60. Wengine walikuwa wamemaliza masomo ya sekondari zamani, mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Wale wetu wa kwanza walianza kuuliza mlangoni: "Yaya, leo iko transporti?" Tulikuwa tunatumia nusu ya saa kwa ugomvi wa orodha. Na yule kijana mrefu, siku moja nilimtafuta kwa macho saa sita, alikuwa ameisha kwenda. Alisaini, alipokea, alienda. Zoezi lilibaki ku ubao.

Nyuma ya miezi ine, projeti ilifunga. Jumamosi iliyofuata walikuja watu wane.

Na hapa njo ninapotaka kusema ukweli, juu ni rahisi kulaumu watoto. Jumamosi ya pili, mimi vilevile sikuenda. Niliamka, nikaangalia dari, nikajiambia: kwenda kufanya nini bure? Mimi mwenye memwari juu ya motivasio. Mbele ya projeti, swali hilo halikuwahi hata kunipita mu kichwa. Dola kumi hazikununua kazi yangu tu. Ziliponunua, zilichukua na ile hamu, na zilipoondoka hazikuirudisha.

Sasa ninajua kuna wakubwa watasoma hapa na kufurahia. Watasema: munaona, vijana hawahitaji feza, wanahitaji moyo! Hapana. Hapo musitutumie. Mwalimu wa darasa la pili mwenye watoto 80 mbele yake, na muganga anayelala ku hospitali, hao hawacheki mchezo wa vipande. Mshahara wao ni haki, ni deni la Leta, na kuwaambia "muwe na wito" wakati miezi inapita bila malipo ni wizi uliovaa koti la sala. Vilevile zile staji zisizolipwa za miezi sita, zinazofanywa upya na upya, fasi unafanya kazi ya mtu wa mshahara na wanakuambia unapata uzoefu. Anayekuambia uwe na motivasio ya ndani, muulize kwanza yeye anapokea ngapi kwa mwezi.

Kwa hiyo ninatofautisha. Kazi inalipwa, na inalipwa vizuri. Lakini kuna vitu tunafanya kwa kuchagua sisi wenyewe, na hivyo mtu akianza kukulipa kwa KUFIKA tu, anakuharibia. Kama projeti ingetupa mbao mbili, chaki, vitabu vya mazoezi na taa, leo tungekuwa tunaisifu.

Bon. Tulirudi namna gani? Karibu miezi mitatu sale ilikuwa imefungwa. Siku moja jioni, binti mmoja wa wale sita wa kwanza alikuja nyumbani na daftari. Alisema: "Yaya, ekwasio za digri ya pili bado zinanishinda." Tuliketi ku ngazi ya mlango, mama akatuletea taa. Binti alikuwa na swali lake, hakuja kwa orodha ya mtu. Siku mbili nyuma ya hapo alikuja na mwenzake.

Lakini safari hii sikutaka tuanze sawa kwanza, kwa "tufundishe tu, tufanye tunavyoweza". Hapo njo memwari ilinisaidia kwa kweli. Mu 1975 watafiti wawili, Latham na Baldes, walitangaza habari ya madereva wa makamio ya magogo mu Marekani. Makamio yale yalikuwa yanaondoka yamejaa karibu asilimia 60 tu ya uzito sheria inaruhusu, hata wakiambiwa wafanye wanavyoweza. (Kwetu shida hiyo hatuijui. Kwetu kamio inajaa magunia, juu ya magunia watu, juu ya watu mbuzi.) Kisha wakapewa lengo la namba: asilimia 94. Mshahara haukuongezwa hata senti. Mu miezi michache walifikia karibu asilimia 90 na wakabaki hapo. Edwin Locke, aliyefanya kazi miaka mingi na Latham, alionyesha kitu hicho mara na mara: lengo la wazi na gumu kidogo linamfikisha mtu mbali kuliko "fanya unavyoweza".

Tukaandika basi ku ubao, siku ya kwanza ya kurudi: mbele ya Pasaka, kila mmoja wa hapa atatatua ekwasio ya digri ya pili peke yake, bila kuangalia daftari, na ataeleza mwenzake. Walikuwa 14. Kila Jumamosi tulihesabu wangapi wamefika. Walipofika Pasaka, 9 walikuwa wameweza. Wale 5 hatukuwaficha, tuliwaandika pia, na wenzao njo waliwafundisha.

Hapo nilielewa makosa ya barua zangu 41. Miaka yote hii lengo langu lilikuwa "kupata kazi". Ni lengo la haki kabisa, lakini liko mukononi mwa mtu mwingine. Mkurugenzi analishika, binamu wa mkurugenzi analishika, mimi ninashika tu simu ninayoangalia kila saa. Ukilala na lengo sawa hilo na kuamka nalo, kila siku umeshindwa, hata siku ulifanya yote. Watu wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Mimi ninaona watu waliochoka kukimbilia mstari ule mtu mwingine anausogeza.

Deci na mwenzake Richard Ryan wanasema mtu anahitaji mambo matatu ili hamu yake ya ndani iishi: ajisikie anachagua mwenyewe, ajisikie anaweza, na awe na watu anaofungamana nao. Fikirini sasa ushomeri unafanya nini. Hauchagui, unangojea. Hauwezi, juu kila mlango unaomba uzoefu wa miaka mitano. Na watu unaanza kuwakimbia, juu wanauliza "umefikia wapi?" Vyote vitatu, siku moja, bila mtu kukupiga. Kwa hiyo ninapowaambia wenzangu watafute lengo lao wenyewe, siwaambii kama litawalisha. Siwaambii kama Serikali iachwe na deni lake la kazi. Ninasema tu kama mtu asibakie na lengo moja tu, lile lililo mu droo ya ofisi ya mwingine.

Najua jina la Daktari Mukwege mumelisikia mpaka mumechoka, kila hotuba ya vijana inamaliza nalo. Lakini mara nyingi tunasimulia mwisho tu, ile Nobeli ya 2018. Mimi ninapenda zaidi mwanzo. Alisoma kwanza awe muganga wa watoto. Akafika hospitali ya Lemera, akaona wamama wanafika wamebebwa toka mbali na wanakufa kwa kuzaa. Akaenda Angers, mu Ufaransa, akasomea uzazi, akarudi. Lemera ikashambuliwa mu 1996. Mu 1999 akaanza Panzi, kwa wazo la wamama kuzaa salama, kisha vita ikamletea kazi ingine ambayo hakuitafuta. Mu hadithi hiyo yote, kwa miaka na miaka, hakuna zawadi iliyoahidiwa mtu. Kulikuwa swali la wazi: huyu mama asikufe. Akilifuata, likamfikisha fasi hakupanga.

Mimi si Mukwege. Niko na ekwasio za digri ya pili.

Wiki jana projeti ingine imepiga simu. Wamesikia juu ya Jumamosi zetu. Tuliketi wote, wafundishaji watatu na wanafunzi, tukajadiliana karibu saa mbili, na haikuwa rahisi. Mmoja alisema kwao wanakula mara moja kwa siku, na nani niko mimi wa kumnyima dola mbili. Sikuwa na jibu zuri. Bado sina. Mwishowe yeye mwenyewe njo alisema tuombe mbao, vitabu na taa, na kama wanataka kulipa transporti, walipe wale wawili wanaotoka mbali kwa miguu, si kila mtu anayesaini. Tumewaandikia hivyo. Hawajajibu.

Na mimi nimeandika barua ya 42, kwa shule moja inayotafuta mwalimu. Safari hii nimefuta ile sentensi ya heshima kubwa na ile ya presha. Nimeandika juu ya wale 14, wangapi waliweza na wangapi hapana, na tulifanya nini na wale waliobaki. Ku mwisho nimeuliza mshahara ni ngapi. Mama aliisoma, akacheka, akasema pengine watanichukua kama mwenye kiburi. Inawezekana.

Jumamosi, saa tatu, tuko mu sale. Mwenye kuweza hesabu, fizikia ao shimia, apite. Na akuje na chaki, juu zetu zimebaki vipande viwili.